Uso wa Akoth Kwenye Bango

Migori, Jumapili alasiri

Mwanangu Adhiambo,

Umeenda na mama yako kumuaga dani, bibi yako, na mimi nimebaki peke yangu karakanani. Sanduku lako liko mlangoni, limefungwa kwa kamba kwa sababu kufuli lake liligoma. Mambo ya basi la kesho, ya nani atakupokea Nairobi na ya kula kabla ya kutoka, mama yako amekwambia yote, tena zaidi ya mara moja, kwa hiyo mimi sitayagusa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichokulea. Mimi Mjaluo wa Homa Bay, mama yako Mkuria, na nyumba hii ilibidi ipate lugha ambayo hakuna mmoja wetu angeweza kumshinda mwenzake nayo. Nataka nikuandikie habari ya lile bango. Najua utasema unaijua, maana ulikuwemo. Lakini unaijua kwa upande wako. Upande wangu sijakusimulia, na sitaki uingie kwenye basi kabla hujausikia.

Kazi ya vibao nilijifunza Homa Bay kwa baba mdogo. Alinifundisha kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, kukata herufi, kuchanganya rangi isichuruzike. Alinifundisha pia jambo moja baya, nami nikalipenda kuliko mengine yote: kwamba fundi hakosolewi na mteja. Mteja akisema herufi ni ndogo, mwambie asogee karibu. Nilipohamia hapa nikawa fundi wa pekee mtaa mzima. Nilichora bucha, vinyozi, makanisa, milango ya zahanati. Hakuna aliyenilalamikia, nami nikauchukua ule ukimya kuwa ni sifa. Mwenye bucha wa karibu na stendi aliwahi kukigeuza kibao changu kikatazama ukuta, na kwa muda mrefu niliamini ni upepo. Ni mama yako aliyeniambia baadaye kwamba watu walikuwa wakiiita bucha ya punda kwa ajili ya ng'ombe niliyemchora.

Basi ndivyo nilivyokuwa wakati mlipotengeneza filamu yenu. Ulikuwa kidato cha tatu. Padre wa misheni aliwaazima kamera ya video kwa likizo moja, nanyi wanafunzi tisa mkaenda kwenye machimbo ya Macalder kucheza hadithi ya Rispa, msichana anayeacha shule akachekeche mchanga wa dhahabu na mama yake, kisha anarudi darasani kwa ujanja wake mwenyewe. Akoth, rafiki yako mliyekaa dawati moja, ndiye aliyekuwa Rispa. Mwalimu wenu wa Kiswahili alipanga filamu ionyeshwe kwanza Karungu, kwao Akoth, halafu ipelekwe Homa Bay kwenye maonyesho ya shule. Ukaniomba nichore bango.

Uliniomba pia nije shuleni niitazame video kwanza. Nilikuwa napiga rangi ya msingi kwenye ubao wa mtu, na sikugeuka. Nikakujibu kwamba nimeshaelewa: msichana, machimbo, taabu. Ukasema, "Lakini Baba, inachekesha." Nikasema nitaiona siku nyingine. Makosa mengine yote yalitoka hapo. Nilichora filamu ambayo sikuwa nimeiona.

Miezi ile zahanati ilikuwa imenipa kazi nyingi za mabango ya kuonya watu juu ya ukimwi, na mkono wangu ulikuwa umezoea. Nikachukua picha ya pasipoti ya Akoth, nikampaka kwenye karatasi ya manila, nyuma yake peusi, mashavu nikayatia kivuli mpaka yakaingia ndani, macho nikayafanya makubwa. Chini nikaandika kwa rangi nyekundu: RISPA. Na kwa kuwa niliona jina peke yake halitoshi, nikaongeza maneno ambayo hakuna aliyeniomba: JIONEE MWISHO WAKE. Nilipokuonyesha ulisema herufi zimenyooka. Nilisikia sifa. Leo najua ulikuwa unatafuta jambo moja la kweli ambalo ungeweza kulisema bila kuniumiza.

Mlibandika mabango manne Karungu: sokoni, ufuoni karibu na chanja za kuanikia omena, dagaa wa ziwani, kanisani na kwenye ukuta wa shule. Vikaratasi vya mwaliko mlivyochapa kwa mashine ya stensili navyo vilibeba maneno yangu yaleyale. Siku ya kuonyesha walikuja watu kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuwa walimu. Ulirudi ukaniambia kwamba hao wachache walicheka mpaka mzee mmoja akaomba video irudishwe nyuma aone tena. Nikakwambia watu wa ufuoni hawana haja na sinema, nikaendelea na kazi yangu.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, mama yake Akoth alikuja hapa. Ulikuwa umekaa na mama yako mkichambua mboga. Unamjua Min Akoth, muuza omena mwenye sauti ya chini, mtu asiyependa kumsumbua mwenzake. Siku ile alipewa kiti akabaki amesimama. Alifungua kitambaa, akatoa bango langu likiwa limekunjwa mara nne.

"Baba Adhiambo," akasema, "mtoto wangu anaumwa nini?"

Nikamwambia haumwi, ni mchezo tu.

"Basi waambie watu wa Karungu. Mimi kila siku naulizwa alianza kukonda lini. Wamama wawili wamekuja kukaa na mimi vile watu hukaa na mfiwa. Kuna wengine hawataki tena omena iliyoshikwa na mkono wangu."

Ningemwomba msamaha palepale, mambo yangekuwa mengine. Badala yake nilimfundisha uchoraji. Nilimweleza kwamba kivuli kwenye shavu si ugonjwa, ni huzuni, na kwamba mtu asipojua kusoma picha, kosa si la mchoraji. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema Akoth hayumo tena katika sinema ya mtu yeyote, na uso wa mtoto wake usionekane Homa Bay. Akaliweka bango juu ya kile kiti, akaondoka. Mama yako alimfuata mpaka barabarani. Wewe ulibaki na sukumawiki mkononi, hukunitazama.

Jumatatu Akoth hakuja shuleni. Wiki nzima hakuja. Zilikuwa zimebaki wiki tano kufika siku ya Homa Bay.

Ulichofanya baadaye nilikichukia wakati ule kuliko nilivyokwambia. Ulikwenda Karungu na mwalimu wako, ukabandua mabango yaliyobaki, ukatunza moja tu. Hilo moja ukalishika mkononi, ukazunguka nalo kwa watu ukiwauliza wanaona nini. Jumamosi iliyofuata ukaenda nalo mpaka Muhuru Bay, ambako hakuna aliyemjua Akoth wala mimi. Nilipopata habari nilikungoja mlangoni. Nilikwambia unazunguka nchi nzima kuokota matusi ya baba yako uyalete nyumbani. Nilikwambia pia kwamba mtoto mwenye adabu hufunika jina la baba yake. Mama yako aliniomba ninyamaze, nami sikunyamaza.

Hukulia. Ulisema, "Baba, siwaulizi kama unajua kuchora. Nawauliza wanaona nini."

Halafu ukaenda kuchota maji, na daftari ukaliacha mezani.

Mama yako hakunigombeza. Alilichukua lile daftari akaanza kusoma kwa sauti huku akisonga ugali, kama mtu anayesoma barua ya jamaa. Mwanamke anayeanika omena: huyu amekufa au bado yuko? Mvuvi: nilidhani ni mkutano wa injili, wale wa kutisha wenye dhambi. Fundi wa baiskeli: ni tangazo la hospitali, nilipita haraka. Mwalimu mstaafu: sikujua kama ni sinema, halisemi popote. Ni kweli, Adhiambo. Nilikuwa nimeandika mwisho wake, nikasahau kuandika kwamba ni filamu. Mimi nikawa nacheka kwa dharau kila jibu, mpaka akafika kwa msichana anayeuza mandazi. Uliandika alivyosema, neno kwa neno: Dada yangu yuko nyumbani na anafanana hivi. Sikutaka kwenda kutazama mwisho wake.

Mama yako alilifunga daftari. Mimi niliweka sahani chini. Niliomba nilione daftari mwenyewe. Nilichokiona kikanitia aibu zaidi ya maneno ya wale watu ni kwamba chini ya kila jibu hukuwa umeandika lolote la kwako. Hukunitetea, hukunilaumu. Uliwaacha waseme.

Jumatatu iliyofuata nilikuja shuleni kwenu. Sikukwambia nimefuata nini, nawe hukuniuliza. Mwalimu aliwasha deki ya video, nikakaa kwenye dawati dogo la wanafunzi. Ilipofika pale mbuzi anapokula daftari la Rispa, na Rispa anamkimbiza katikati ya mashimo, na wachimbaji mmoja baada ya mwingine wanaacha makarai yao na kumkimbiza pia, nilicheka nikapiga dawati kwa kiganja. Halafu nikakumbuka manila nyeusi na rangi nyekundu, kicheko kikanikauka. Yule msichana kwenye televisheni hakuwa na mwisho wowote wa kutisha. Alikuwa mjanja, ana hasira, ana njaa, ana mzaha. Mimi nilimzika kabla hajaanza.

Nikakuomba tuanze upya. Nilidhani utafurahi. Ulifurahi, lakini ukaweka sharti: michoro mitatu, na tuipeleke sokoni kabla ya kuamua. Nilikubali kwa shingo upande.

Siku ile ya soko hapa Migori sitaisahau. Tuliitundika michoro kwenye uzio karibu na wauza nyanya. Mwanamke wa kwanza aliposimama, mimi nikaanza: hii ni hadithi ya msichana fulani, hapa nimeonyesha hiki, pale kile. Akaitikia kwa kichwa, akasema yote ni mazuri, akaenda zake. Nikakutazama kwa ushindi. Ukanivuta pembeni ukaniambia taratibu, "Baba, ukishawaeleza, wanakujibu kwa heshima tu."

Nikaenda kukaa nyuma ya magunia ya mahindi nikafunga mdomo. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kupanda ngazi na ndoo ya rangi. Mchoro niliokuwa naupenda mimi ulikuwa ule wa mawe ya dhahabu yanayong'aa, nilikesha kuutafutia ile rangi. Watu watatu mfululizo waliuliza mnunuzi wa dhahabu amefungua duka wapi. Mchoro wa pili ulikuwa karai kubwa na mikono miwili. Mama mmoja alitaka kujua kama makarai ni ya bati au ya plastiki. Nilitaka kuruka nitoke nyuma ya magunia nimweleze. Wa tatu, niliouchora haraka bila kuutilia maanani, ulikuwa Rispa anamkimbiza mbuzi mwenye ukurasa mdomoni. Watu walisimama. Mwanamume mmoja wa kuuza kamba akauliza, "Huyo mbuzi amekula nini?" Mwenzake akasema ni hati ya shamba. Mwingine akasema hapana, ni barua ya mapenzi. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, na wewe ulikuwa unaandika, mkono unakimbia.

Baadaye wakakuuliza mambo ambayo mimi nisingeyawaza hata kwa mwaka mzima. Ni ya kanisa? Ni ya watoto? Ni Kizungu? Tutakaa chini au kuna viti? Ndiyo maana kwenye bango la mwisho na vikaratasi vyake tuliandika: Filamu ya wanafunzi. Kiswahili na Dholuo. Wakubwa na watoto. Njoo ucheke. Maneno ya kawaida kabisa, hayana ufundi wowote, na yalifanya kazi kuliko yote niliyowahi kuandika.

Nilijifunza pia kwamba hukufuata kila ulichoambiwa. Kulikuwa na kijana aliyetaka tuweke gari na bunduki. Ulimshukuru, ukaandika. Jioni nikakuuliza kama nichore bunduki. Ukacheka ukasema yule alikuwa anatueleza sinema anayoipenda yeye, siyo anachokiona kwenye yetu. Nilikutazama nikajiuliza ni nani aliyekufundisha hayo. Mimi siye.

Lakini bango zuri lisingetufikisha popote bila Min Akoth. Mwalimu alisema wazi kwamba bila ruhusa yake filamu haiendi Homa Bay, na alisema haki. Ulitaka kwenda nami. Nilikuomba ubaki, kwa sababu nilijua mbele yako ningejaribu kubaki mkubwa. Nilikwenda Karungu na ule mchoro wa tatu umeviringishwa, pamoja na kikopo cha rangi na brashi mbili.

Nilimkuta ufuoni anageuza omena juani. Safari hii mimi ndiye niliyesimama. Nilimwambia nimekosa. Nilimwambia nilichora mtoto wake bila kumtazama, na aliponieleza nilimfanya mjinga nyumbani kwangu. Sikutaja kivuli wala huzuni. Aliendelea kugeuza omena mpaka akamaliza chanja nzima, nami nikangoja. Kisha akanawa mikono, akasema nikunjue hiyo karatasi.

Aliitazama kwa muda mrefu. Nilitamani kusema kitu, mdomo ukawa unaniwasha, nikauzuia.

"Huyu mbuzi ni wa kweli," akasema mwishoni. "Lakini huyu si Akoth. Akoth akicheka unaona mwanya. Wewe umemjazia meno."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa bado nachora kutoka picha ya pasipoti, ambamo Akoth amefunga mdomo kama watu wote wa picha za pasipoti, na meno niliyabuni mwenyewe. Nilipiga magoti kwenye mchanga, nikatandika karatasi juu ya gunia, nikamfungulia mwanya mtoto wake mbele ya macho yake. Wanawake wa chanja za jirani walikuja kuona. Mmoja akasema, "Ee, sasa ndiye." Min Akoth hakunijibu kuhusu msamaha, siku ile wala baadaye. Alisema tu, "La kwanza la mbuzi ulibandike hapa, ninapouzia mimi." Jumatatu Akoth alirudi darasani.

Homa Bay ukumbi ulijaa, watu wengine wakasimama madirishani wakiwa wameshika vikaratasi vyenu. Min Akoth alikaa mstari wa mbele na wamama sita kutoka Karungu, na mmoja wao alikuwa kati ya wale wawili waliokuja kukaa naye kama mfiwa. Mbuzi alipotokea, ukumbi mzima ulipiga kelele kabla hajafanya chochote, kwa sababu walikuwa wakimngojea. Hamkupata nafasi ya kwanza, na nakumbuka jinsi ulivyonuna njia nzima ya kurudi. Mimi sikununa. Nilikuwa nimewaona watu wakitoka pale wakimwita Akoth kwa jina la Rispa na kumshika mkono. Wiki chache kabla, watu wa kwao walikuwa wanaogopa omena ya mama yake.

Tangu siku ile nimebadilika kidogo tu, usije ukanisifu kupita kiasi. Bado naumia mtu akisema herufi zangu. Lakini sasa nikimaliza kibao nakitundika nje siku moja kabla ya kukikabidhi, nakaa ndani, nasikiliza wapita njia wanasema nini. Yule mwenye bucha nilimfuata nikamchorea ng'ombe mwingine. Mambo haya nimeyapata katika umri ambao wengine huacha kujifunza, na nimeyapata kwa mtoto wa kidato cha tatu. Ndiyo maana sina mawaidha ya kukupa kuhusu kazi unayokwenda kusomea. Nina shukrani tu.

Na nina deni la neno moja. Lile nililokwambia mlangoni, kwamba unaokota matusi ya baba yako, sijawahi kulirudisha. Tulifanya kazi pamoja, tukacheka pamoja, nikajifanya limepita. Najua halikupita, kwa sababu hata sasa unaponionyesha jambo baya kuhusu kazi yangu huanza kwa kunitazama usoni. Nalirudisha leo. Lilikuwa neno la mtu aliyeogopa. Nisamehe, mama.

Sasa nikwambie kitu ambacho labda hukijui. Pale Homa Bay, watu walipokuwa wanatoka, mgeni mmoja mwenye suti alisimama mbele ya bango akauliza nani amelichora. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikajirudisha ndani zaidi. Nilijua ukisema habari yote nitaaibika mbele ya mji wa kwetu. Wewe hukujua nakusikia. Ulimwambia, "Ni baba yangu." Kisha ukaongeza, kwa ile sauti uliyotumia ulipokuwa mdogo kuwaambia wenzako kwamba baba yako anaweza kupanda ngazi ndefu kuliko zote: "Amelichora mara nne."

Mimi nilikuwa naificha hiyo nne, lile jeusi na ile mitatu ya sokoni. Wewe uliitaja kwa fahari.

Asante, Adhiambo. Safiri salama.

Ni mimi, baba yako.